Ng'ombe wa Malindi: bandani au malishoni?

Kiangazi kikishika, mjadala huu hurudi barazani na kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, kuanzia Ganda na Kakuyuni mpaka Gongoni. Kuna wanaoshikilia kwamba ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa mwenye damu ya kigeni, mahali pake ni bandani, majani akatiwe na maji aletewe. Kuna wanaojibu kwamba kumfungia mnyama kutwa kucha ni kumtesa, kwani kaumbwa na miguu ya kutembea. Nimefuga kwa njia zote mbili. Wote wana hoja nzito, lakini nadhani wanabishana juu ya ukuta na kumsahau aliye ndani yake, na mtu anayemshika.

Ufugaji wa ndani ulienezwa Pwani miaka ya 1980 kupitia mradi wa kitaifa wa kuendeleza maziwa uliosaidiwa na Uholanzi, na sababu zake hazijaisha. Mashamba yetu ni madogo. Kupe huleta ndigana kali, ugonjwa unaoweza kumuua ng'ombe wa gredi ndani ya siku chache. Mbung'o nao wamejaa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Anayepakana na msitu ule akaniambia hatoi ng'ombe wake nje, simlaumu hata kidogo. Tena ukame wa 2020 hadi 2022 tuliuona sote: huko Magarini na Ganze ng'ombe wa kienyeji, tunaowasifu kwa ugumu, walianguka njiani wakifuata maji. Kutembea nako kuna mwisho wake.

Lakini banda si banda tu. Friesian asili yake ni nchi za baridi, na tumbo lake lenyewe linapochachua majani huzalisha joto. Joto likipita nyuzi 25 hivi huanza kupunguza kula, na Malindi nyuzi 30 mchana ni jambo la kawaida. Sasa mtu anamjengea banda la mabati ya chini, ukuta wa mawe pande zote kwa kuogopa wezi, kisha anashangaa maziwa kupungua. Makuti yangempoza zaidi, ingawa nakubali yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na moto ukizuka hayabakishi kitu. Ukishindwa makuti, inua mabati na uache upande wa upepo wazi: kusi ipenye, na kaskazi ikifika nayo ipite. Kujua kama joto limemzidi, simama ubavuni uhesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Zikipita 60 naye yuko kivulini, banda lako ndilo linalomchemsha.

Jambo ninalolitazama zaidi ni kulala. Ng'ombe hujilaza chini saa 10 hadi 14 kwa siku, na hapo ndipo hucheua kwa raha na damu hupita kwa wingi kiweleni. Umewahi kumwangalia akiamka? Kwanza hupiga magoti, anatupa kichwa mbele kwa nguvu, ndipo nyuma inainuka. Kichwa kile kinataka nafasi. Ukimfunga kamba fupi pua ikigusa ukuta, hawezi kuinuka vizuri, na akishaumia mara mbili tatu ataona afadhali asilale. Utamkuta amesimama usiku, kwato zimo kwenye samadi na mkojo, wiki mbili baadaye anachechemea. Mwingine huanza kuzungusha ulimi hewani bila kula chochote. Watu husema ana wazimu. Mara nyingi ni mnyama aliyekosa majani ya kutafuna na kitu cha kufanya. Hapa ndipo wa malishoni wananishinda: ng'ombe anayetembea huchagua pa kulala, hujikuna kwenye mti, na akiingia joto la kutaka dume utamwona akipanda wenzake. Aliyefungwa peke yake, joto lake linapita hivi hivi na mwaka unaisha bila ndama.

Na maji. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, yaani mitungi mitatu ya lita 20, na siku za jua kali mitano. Anayenunua maji kwa mtungi anajua uchungu wake. Ila ukimfungia umechukua miguu yake, basi miguu yako ndiyo ya kwenda kuteka.

Ukibishana nami juu ya banda tunaweza kukubaliana. Juu ya fimbo, siwezi.

Mjomba wangu pale Kakuyuni alikuwa na chotara wa Friesian, mweusi, tukimwita Chausiku. Alikuwa akitoa lita tisa. Akaajiriwa kijana wa kumkama, mwenye haraka, akimpiga mbavuni na kigogo ili asisogee. Maziwa yakashuka hadi lita tano. Mjomba akampa dawa ya minyoo, akaongeza mashudu ya nazi, wapi! Siku moja nikakaa karibu na zizi alfajiri. Kijana hajaingia bado, kimelia tu kishikio cha ndoo, Chausiku akasimamisha masikio, akajibana pembeni na kuharisha papo hapo. Shangazi akaanza kumkama mwenyewe, akimwimbia na kumwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Haikupita wiki mbili, lita nane na nusu.

Haikuwa uchawi. Maziwa hushuka kwa homoni ya oksitosini, na ng'ombe akiogopa mwili wake humwaga adrenalini inayoizuia, kwa hiyo maziwa yamo lakini hayatoki. Mwaka 1941 nchini Marekani watafiti Ely na Petersen walilionyesha hili kwa kumshtua ng'ombe kabla ya kumkama, kwa vishindo vya mifuko ya karatasi iliyopasuliwa.

Wachunga mifugo huniambia: kwa ng'ombe mmoja sawa, lakini fahali 80 wanaoshuka kutoka Tana River utawaswaga kwa nyimbo? Ni swali la haki. Fahali huua, na mwenye kundi kubwa hana nafasi ya kubembeleza. Lakini watazameni Waorma wenyewe, wafugaji wa huko Tana River. Wanapiga mluzi, wanajua pa kusimama. Ukikaa nyuma kidogo ya bega la ng'ombe, anasonga mbele. Ukipita mbele ya bega, anarudi nyuma. Ukimjia moja kwa moja kwa nyuma hakuoni, na hapo ndipo teke. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, ameyaeleza haya kwa miaka mingi, akionyesha pia jinsi ng'ombe anavyogomea kivuli cheusi sakafuni au kitu kinachopepea. Nimeona kundi zima likikataa kuingia josho kwa sababu ya leso iliyoanikwa kwenye ua. Watu watano wakipiga, mmoja akaitoa leso, ng'ombe wakaingia.

Kwangu, mbali na msitu, nimechagua nusu kwa nusu: banda la makuti lenye mchanga mkavu, na saa mbili za malisho asubuhi umande ukishakauka. Nalipa gharama yake, dawa ya kupe kila wiki na mtu wa kuwaangalia wasiingie mahindi ya jirani. Chausiku alipozeeka kwa mjomba, mtamba wake ndiye niliyepewa. Jua likipanda hurudi mwenyewe, anainama chini ya makuti na kulala, kamba ikiwa bado imening'inia kwenye nguzo ya mvinje.