Panga Mbili Kiunoni, Madeni Shingoni

Ukiwasikiliza wapenzi wa katuni na filamu za Kijapani, utadhani Japani ya kale watu walikuwa wakifyekana vichwa tangu alfajiri mpaka magharibi. Sina ugomvi na burudani ya mtu. Ila samurai, yule mpiganaji wa tabaka la juu, ninayemkuta kwenye historia ya enzi ya ukoo uliotawala Japani wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, ni mwajiriwa wa serikali anayesubiri mshahara, na mshahara wenyewe ameshaukopea.

Baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615 na uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638, nchi ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita kubwa. Wanajeshi wakabaki wengi, kazi yao haipo. Wakageuzwa makarani, walinzi wa malango, wakusanya kodi. Kwenye mafundisho rasmi bado walikuwa juu, wakifuatiwa na wakulima, kisha mafundi, na mkiani wafanyabiashara, waliodharauliwa kwamba hawazalishi chochote. (Nje kabisa ya ngazi hiyo walikuwepo wachuna ngozi na waliofanya kazi za maiti. Ubaguzi dhidi yao ulifutwa kisheria mwaka 1871, lakini uliendelea mitaani.)

Sasa tazama mshahara ulivyolipwa. Samurai wengi wa ngazi ya chini waliomtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, mjini Edo, Tokyo ya leo, walilipwa mchele kutoka ghala za Asakusa, kando ya mto Sumida, mara tatu kwa mwaka. Nyumba haili mchele mtupu; inataka mafuta, kuni, nguo, ujira wa mtumishi. Lazima mchele uuzwe. Mwenye panga hakutaka kuonekana anapanga foleni na kubeba magunia, basi akamwachia dalali. Dalali alichomeka hati ya samurai kwenye tita la majani pale ghalani, akangoja zamu, akachukua mchele, akauuza, akakata chake, akampelekea bwana mkubwa fedha zilizobaki. Mwaka 1724 madalali hao 109 walikubaliwa na serikali kuunda chama chao. Kufikia hapo udalali ulikuwa kisingizio tu. Faida yenyewe ilikuwa kwenye mikopo yenye riba, dhamana ikiwa mchele wa msimu ujao, na wa msimu unaofuata huo.

Wapo wanaosema samurai waliponzwa na anasa. Mimi naona hiyo ni lawama ya bure. Kipato chao kilipimwa kwa mchele na hakikupanda kizazi hadi kizazi, ilhali matumizi yalikuwa ya sarafu. Bei ya mchele ikishuka, mshahara umeshuka bila mtu kuugusa. Na bei hiyo ilipangwa Osaka, kwenye soko la Dojima lililotambuliwa na serikali mwaka 1730, ambako wafanyabiashara waliuziana hata mchele ambao haujafika. Wa mkiani ndio waliokuwa wakiamua wa juu ale nini.

Kwa hiyo kwenye mtaa wa Aoyama ungemkuta samurai amekaa sakafuni anabandika karatasi kwenye miavuli ya kuuza. Wa Okubo walipanda maua. Hao ndio samurai ninaowaheshimu, kuliko yule wa filamu.

Wakubwa nao hawakupona. Kuanzia 1635 mabwana wa majimbo walilazimishwa kukaa Edo kwa zamu na kuacha wake na watoto huko kama rehani, na misafara yao ya kwenda na kurudi ilikausha hazina. Jimbo la Satsuma lilifikisha deni la ryo milioni 5, ryo ikiwa sarafu ya dhahabu ya wakati huo. Katika miaka ya 1830 ofisa wake, Zusho Hirosato, akawatangazia wadai kwamba watalipwa kidogo kidogo kwa miaka 250, bila riba. Miaka 40 haikupita, majimbo yakafutwa.

Shogun naye alijaribu. Mwaka 1789 waziri wake mkuu, Matsudaira Sadanobu, alifuta madeni ya zamani ya samurai wale wa Edo, zaidi ya ryo milioni moja kwa jumla. Walishangilia. Madalali wakafunga mikoba, hakuna kukopesha tena, na mwaka ulipokaribia kuisha waliosamehewa walikuwa wanahangaika kuliko mwanzo.

Heshima pesa, shikamoo makelele, na Edo walilijua hilo bila kufundishwa. Usamurai wenyewe ulinunulika, mara nyingi kwa tajiri kulipa ili mwanawe aasiliwe na ukoo wenye dhiki. Katsu Kaishu, mjumbe wa upande wa shogun aliyejadiliana na Saigo Takamori, kamanda wa jeshi la mfalme, mwaka 1868 hadi ngome ya Edo ikakabidhiwa bila mji kuchomwa, baba wa babu yake alikuwa kipofu kutoka mkoani aliyetajirika kwa kukopesha fedha, kisha akamnunulia mwanawe cheo. Wale wanaosisitiza kwamba roho ya samurai ilikuwa kwenye damu, huyu sijui wanamweka wapi.