Dawa ya ukungu iliyoniponza

Jamani mwaka jana bwana shamba wetu hapa Ilula alitushikia bango, andikeni andikeni, kila senti inayoingia shambani iandikwe, mpaka jasho lako na la mkeo lihesabiwe kama la kibarua, ndo utajua zao gani linakulipa na lipi linakula hela yako. Mi nikanunua kaunta buku, nikaigawa, mbele nyanya zangu nusu eka, nyuma maharage ya waifu nusu eka.

Shida ilikuwa Jumamosi. Jumamosi mi nakunywa kidogo, na waifu kila jioni anapitia daftari, sasa ntaandika nini? Nikaandika "dawa ya ukungu 20,000". Ikapita. Wiki inayofuata tena, dawa ya ukungu. Si unajua nyanya na wadudu na magonjwa yake, mara kantangaze, mara ukungu, nani atauliza.

Msimu umeisha, waifu kamwita bwana shamba aje atupigie hesabu, kalkuleta iko kwenye simu, uji mezani. Nyanya: matumizi 1,680,000, nimeuza sanduku 110 kwa 15,000, yaani 1,650,000. Hasara elfu thelathini! Maharage: ametumia 190,000, gunia mbili kauza 460,000, faida 270,000. Waifu akajikohoza vile wanavyojikohoza.

Mi najua kabisa humo kuna 440,000 za bia, ukizitoa nyanya zimeleta faida 410,000, maharage yanaachwa mbali! Lakini nitaitetea vipi nyanya bila kujichoma mwenyewe? Nikabaki nimetoa macho kama mjusi kabanwa na mlango.

Waifu akashuka na kidole kwenye mstari, "Shemeji, hebu nieleweshe, dawa ya ukungu mara 22, zote Jumamosi, na hizi mbili za mwisho nyanya tulishang'oa. Huo ukungu ulikuwa wapi?"

Nikamwangalia bwana shamba. Bwana shamba kainamia uji. Maana nusu ya hiyo dawa aliipiga yeye, tena yeye ndo alikuwa anaagiza za baridi.

"Ukungu wa... wa kuzuia, shemeji," akasema, uji ukampalia.

Basi ikapitishwa, msimu huu eka nzima maharage, nyanya zimestaafu, na daftari limehamia kwa waifu. Juzi nikalichungulia. Ukurasa wa kwanza, mwandiko mzuri kabisa: "Kibarua (baba watoto), kupalilia siku 6 kwa 5,000 = 30,000. Kakatwa deni la dawa ya ukungu. Linabaki 410,000."

Nimepiga hesabu na mimi. Siku 82 za jembe bado.