Pombe Iliyotulia Si Lazima Iwe Imemaliza Kuchacha

Shangazi yangu wa Marangu amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu kabla sijazaliwa, na namna yake ya kujua kama pombe iko tayari ni kuinamisha sikio juu ya pipa. Pombe ikiwa bado inachemka, kama wapikaji wanavyosema hata pale ambapo hakuna moto chini yake, hutoa mlio mwembamba unaofanana na manyunyu juu ya majani ya mgomba. Mlio ukipungua huchota kidogo kwa kata, huonja, hunyamaza, kisha hutoa hukumu: "Mwanangu, hii ni ya kesho mchana." Sijawahi kumwona akikosea.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba sikio na ulimi vingenitosha na mimi nilipoanza kutengeneza bia ya kimea cha shayiri jikoni kwangu Moshi. Havikutosha, na sababu yake naona inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ninakutana na watu wengi wanaoanza kazi hii wakiwa na imani ileile.

Mbege hunywewa ikiwa hai. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichache kwa siku kadhaa, huchujwa, kisha huchanganywa na mso, yaani uji, wa ulezi uliooteshwa na uchungu wa gome la msesewa. Baada ya hapo pombe hiyo ina siku moja au mbili za utamu wake kabla ya uchachu kuizidi, na muda wote huo chombo kiko wazi, hewa inatoka itakavyo. Tembo la mnazi nalo ni hivyohivyo: lililogemwa alfajiri ni tembo tamu, na likikaa hadi jioni ni tembo kali, na mnywaji huchagua analolitaka. Lugha yetu ina majina ya vituo vya njiani kwa sababu wanywaji wetu hushukia njiani. Swali la kama pombe imefika mwisho wa safari halikuwa na uzito mkubwa kwa shangazi, kwa kuwa hakuna mtu anayeifungia mbege ndani ya chupa ya glasi na kuigongea kizibo. Mwenye kufunga chupa ndiye analazimika kujua kwa hakika.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilikuwa na ndoo ya lita 20 iliyokuwa imechacha kwa siku tisa. Povu zito la juu lilikuwa limeshuka na kuacha pete ya kahawia ukutani mwa ndoo, hamira ilikuwa imezama chini, na kizibo cha maji juu ya mfuniko, kile kinachotoa gesi nje kwa viputo, kilikuwa kimya tangu juzi yake. Sikuridhika na dalili hizo peke yake. Nilitumbukiza haidromita, chombo cha kupima uzito wa kioevu, ikasoma 1.018, nikarudia kesho yake asubuhi ikasoma 1.018 tena, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba vipimo viwili vinavyolingana ndiyo ruhusa ya kufunga, nilitia sukari ya kuleta gesi, nikajaza chupa 24 na kuzipanga stoo.

Mwishoni mwa Septemba joto liliporudi, niliamshwa usiku na mlio kama wa mbao kavu inayovunjwa. Chupa nne zilikuwa zimepasuka. Kipande cha shingo ya mojawapo, bado kikiwa na kizibo chake, kilikuwa kimekita kwenye ubao wa mlango wa stoo kwa kimo cha uso wa mtoto, na ndala za binti yangu zilikuwa sakafuni hapohapo, zimelowa bia. Hakuna aliyeumia. Nilikaa na kile kipande mkononi hadi kulipokucha, na tangu siku hiyo siwezi kuandika juu ya jambo hili kana kwamba ni suala la ladha tu.

Haidromita hufanya kazi kwa kanuni ileile ya laktomita, ambayo kila aliyewahi kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia anaifahamu: huelea juu zaidi kioevu kinapokuwa kizito, na huzama zaidi kinapokuwa chepesi. Maji safi husoma 1.000. Maji matamu ya kimea kabla ya kutiwa hamira yalisoma 1.048 siku ile, kwa sababu ya sukari iliyomo. Hamira inapoila sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa, kipimo hushuka. Hamira nyingi za bia hukishusha kwa takriban robo tatu ya njia kuelekea 1.000, kwa hiyo kutoka 1.048 nilipaswa kutegemea kitu cha karibu na 1.012. Nilikuwa na namba hiyo kichwani, nikaona 1.018, nikajiambia kwamba kila kimea kina tabia yake.

Kosa langu lilikuwa hapo. Vipimo viwili vinavyolingana vilithibitisha kwamba kazi imesimama, lakini havikusema imesimama kwa nini. Usiku wa Julai, Moshi ni baridi, na sakafu ya saruji niliyoiweka ndoo ni baridi zaidi. Hamira ilikuwa imezama na kulala ikiwa bado na chakula. Nilipoipima bia ya chupa mojawapo iliyosalimika, baada ya kuikoroga hadi gesi yote ikatoka, ilisoma 1.011. Tofauti ya 0.007 inaonekana ndogo mno kwenye karatasi, lakini kila 0.001 inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huzalisha takriban nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida hubeba kama lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita, na kiasi hicho nilikuwa nimeshakitafuta kwa sukari niliyoongeza. Juu yake zikaja lita tatu na nusu nyingine ambazo chupa zangu, nyingi zikiwa zimetumika mara nyingi, hazikutengenezwa kuzibeba.

Kwa sababu hiyo mimi hujiuliza maswali mawili kila mara, nami sikubali jibu la moja likae mahali pa jingine: je, imesimama, na je, imesimama pale inapostahili kusimama? La kwanza hujibiwa kwa vipimo viwili vilivyopishana siku tatu, wala si siku moja, huku ndoo ikiwa kwenye joto ambalo hamira inalipenda, nyuzi 20 za Selsiasi hivi. Haidromita nyingi zimetengenezwa zisomwe kwenye joto hilohilo, na bia ikiwa ya moto zaidi husoma chini kuliko ukweli. Chombo chenyewe nacho kizungushwe kidogo kwa vidole kabla ya kusoma, kwa sababu viputo vinavyokishikilia hukiinua na kukudanganya.

La pili lina njia ninayoipenda kuliko zote, na ninasikitika kwamba wapikaji wachache wa nyumbani huitumia. Siku ile ile unapotia hamira kwenye ndoo, chota kikombe kimoja cha maji ya kimea, kitie kwenye chupa safi usiyoibana kizibo, ongeza hamira nyingi kupita kiasi, kisha kiweke mahali pa joto na ukitikise mara kwa mara. Chupa hiyo itamaliza kazi ndani ya siku mbili tatu, na kipimo chake cha mwisho kitakuonyesha mapema ndoo inakokwenda. Kama chupa ndogo imefika 1.011 na ndoo imeganda kwenye 1.018, huna haja ya kubishana na mtu: hamira yako imelala. Ihamishie ndoo mahali penye joto, izungushe taratibu ili hamira iinuke kutoka chini bila kuichanganya bia na hewa, na uipe siku nyingine nne.

Kuhusu kizibo cha maji, ninaomba tukiache kifanye kazi yake ya kuzuia wadudu na hewa ya nje, tusikifanye shahidi. Jua la mchana likiipasha ndoo, hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya bia hutoka na kizibo hububujika upya ilhali hakuna sukari iliyobaki. Mfuniko ukiwa na ufa mdogo, kizibo hunyamaza ilhali ndoo inachemka kwa nguvu zote. Kalenda nayo, ile ya "wiki mbili tu zinatosha", haijui usiku wa Julai ulikuwa na baridi kiasi gani.

Wapo wanaosema kwamba kufungua ndoo mara kwa mara hualika vijidudu na kwamba kila kipimo ni kikombe cha bia kinachopotea. Hoja hiyo ina ukweli, ndiyo maana sipimi kila siku. Hungoja povu lishuke kabisa, na bia iliyopimwa siirudishi ndoani. Lakini haipotei, kwa sababu ninainywa, na hapo ndipo ulimi wa shangazi unarudi kazini. Ulimi hauwezi kutofautisha 1.018 na 1.011 kwa uhakika, hasa uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, ukiufunika utamu, ila unatambua harufu ya siagi ambayo hamira huiacha njiani na kuifuta yenyewe mwishoni ikipewa muda. Nikiwa na shaka, nafunika kikombe cha bia na kukiweka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, nakipooza, kisha nakinusa kando ya kikombe ambacho hakikupashwa moto. Siagi ikijitokeza kwenye kile kilichopashwa, bia inangoja siku kadhaa zaidi hata kama haidromita imesharidhika.

Na kwa aliyekwisha kufunga chupa kisha akaingiwa na wasiwasi anaposoma haya: usizitikise, wala usizibebe kwa mikono mitupu zikiwa na joto. Vaa glavu nene na kitu cha kukinga macho, zifunike kwa blanketi zito, zihamishie kwenye friji kwa siku nzima ili hamira ipoe na gesi itulie ndani ya bia. Kisha fungua moja ndani ya kitambaa kinene juu ya sinki. Ikifura na kumwagika nusu yake, zifungue zote, moja baada ya nyingine, zikiwa bado baridi.