Manzese si mtaa wa mabanda

Jana kazini, hapa Leeds, Uingereza, nimepewa karatasi nitafsiri, neno moja likanikwamisha: slum. Kamusi inasema "mtaa wa mabanda".

Jamani, mimi nimekulia Manzese, Dar es Salaam. Nyumba yetu ni ya matofali ya saruji na bati, vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Kila chumba na mpangaji wake, mita ya umeme wa kulipia kabla, yaani LUKU, ni moja, na umeme ukiisha ni ugomvi kuhusu mwenye friji. Banda liko wapi hapo?

Sisi tunasema uswahilini. Mkoloni aliigawa Dar: uzunguni, uhindini, na Mswahili kwake. Uhuru ukaja, uzunguni wakahamia wakubwa wetu, jina letu likabaki. Mwingereza akisema slum anataja uchafu tu, ila sisi neno letu linataja watu. Nalipenda kwa hilo, na linaniuma kwa hilo hilo, maana mtu wa Mikocheni, kwa wenye nazo, akisikia kelele anakemea, "Acheni uswahili!" Uswahili umekuwaje tusi kwa Mswahili?

Najua mtakavyonijia juu: umepanda ndege juzi, leo unatufundisha Kiswahili. Sifundishi mtu. Wala sitetei shida. Nimeamka masika maji yako usawa wa godoro, na jirani anatapisha choo usiku huo huo ili mvua ibebe, na njia ya kubebea ni mlangoni kwetu. Sina hamu nayo. Hapa nikifungua bomba la maji ya moto namshukuru Mungu, kila siku.

Lakini neno jingine la slum, "makazi holela", nalo silitaki. Baba alijenga kwa fedha yake, chumba baada ya chumba, akijua anachofanya. Watu wa Sinza ni majirani zetu tu. Wao walipimiwa viwanja miaka ya 1970, kwetu nyumba zilitangulia vipimo. Tofauti ndiyo hiyo, na kwa ajili yake niliwahi kuulizwa kwenye usaili nakaa wapi, nikajibu Sinza. Hadi leo inanichoma.

Nimeandika "makazi yasiyopimwa". Wakiniuliza kwa nini, nitawachorea uchochoro wetu: watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, na gari la kunyonya choo linaishia barabarani.