Picha Kali, Sauti Kilio: Kazi Nne za Studio Isiyokuwepo

Bongo Movie ni mtaa mdogo, wote tunajuana. Ukisema kampuni fulani imechemsha, jioni haijaingia umeshapigiwa simu. Basi nimeunda studio ya kichwani. Haina jina, ofisi yake iko Sinza, na ndani ya mwaka na nusu imetoa kazi nne: ile ya mirathi, ile ya bodaboda, ya mapenzi iliyoshutiwa Kigamboni, na tamthilia ya YouTube. Magonjwa yake tu ndiyo ya kweli.

Ile ya mirathi ndiyo bora kuliko zote. Mwandishi wa skripti ameuliza kwanza mirathi huendaje, jambo ambalo wengi huliruka. Hakuna wakili aliyekaa sebuleni akisoma wosia kwa Kiingereza. Kuna kikao cha ukoo, muhtasari unaozungushwa usainiwe, cheti cha kifo, benchi la Mahakama ya Mwanzo, na ugomvi wa nani awe msimamizi. Na sini iliyobeba filamu nzima haina neno hata moja. Shangazi anakunja khanga za marehemu kitandani, moja moja, anazipanga kwenye sanduku. Anafika kwenye moja, anaishika kidogo, anatupa jicho mlangoni, kisha anaitia kwenye mkoba wake. Kamera haijasogea wala kinanda hakijalia. Kuanzia hapo mtazamaji hahitaji kuambiwa nyumba ya marehemu, ile ya Tabata, inaelekea mikononi mwa nani.

Taa nazo zimepangwa na mtu anayejua kazi. Mwigizaji mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe na kamera ikaachiwa ijipimie mwanga, itapima ukuta. Uso unabaki giza. Hapa mwanga umepimwa usoni, mwigizaji amesogezwa mita mbili hivi mbele ya ukuta ili taa isiumulike, na taa yenyewe imetoka ubavuni ikipita kwenye shuka jeupe. Shati jeupe limebadilishwa likawa la kaki. Poda haikuzidishwa, maana ule mng'ao mdogo wa ngozi ndio unaochora shavu na paji. Shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, imewekwa 1/50 ya sekunde kwa fremu 25 za kila sekunde, sawa na umeme wetu wa 50 Hz. Ukiweka 1/60, taa za tyubu na balbu za bei chee huanza kupepesa na kuacha mistari kwenye picha, na mistari hiyo kuitoa kwenye uhariri ni kazi ya kulia.

Halafu wakatoa ya bodaboda, na hapa ndipo nina ugomvi nao. Kamera ni ya 4K ya kukodi, lenzi tatu, droni ya siku nzima. Sauti? Maiki imechomekwa juu ya kamera, na kamera iko mita mbili kutoka kwa anayeongea. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Toka nusu mita hadi mita mbili umeshapoteza 12, wakati feni ya darini na daladala za nje hazijapungua hata kidogo. Edita akipandisha maneno, feni inapanda nayo. Akiipitisha kwenye programu ya kusafisha kelele mara ya pili na ya tatu, dada wa watu anaongea kama amefunikwa ndoo.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Maiki ya bumu, ile ya kwenye mti mrefu, ikae nusu mita juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu, ikielekezwa kifuani. Rekodi iwe 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12 ili mtu akipiga kelele isikatike. Mwenye hedifoni masikioni apewe mamlaka ya kusema "rudia", hata mbele ya staa. Feni na friji zizimwe; funguo za gari ziwekwe ndani ya friji, hapo hakuna atakayeondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Kabla ya kuhama chumba, wote wanyamaze nusu dakika, mrekodi ule ukimya wa chumba. Edita atauhitaji kuziba mapengo. Maiki ya kubana kifuani haipendi kitenge kipya chenye wanga, kinachakarika kila mwigizaji akipumua, kwa hiyo kifuliwe kwanza. Lokesheni ikaguliwe saa ileile mtakayoshuti, kwa sababu mtaa wa saa nne asubuhi si mtaa wa saa kumi na moja jioni. Na Machi hadi Mei, nyumba ya bati bila dari msiikodi kwa sini za mazungumzo. Mvua moja inakula siku.

Muziki nao umepigwa chini ya kila sentensi, tena besi nzito. Watazamaji wengi wako kwenye simu, na spika ya simu haitoi besi hiyo. Kinachobaki ni vumbi la sauti za kati linalogombana na maneno.

Ya Kigamboni nisiipotezee muda. Daraja la Nyerere kutoka angani mara tano, msuko wa dada unabadilika kati ya mlango na sebule (picha moja ya simu mwisho wa kila sini ingetosha), na mtu anayeishi karibu kabisa na pantoni anazunguka darajani kila akija Posta, kisa daraja linapendeza.

Tamthilia ya YouTube ina waigizaji wazuri kuliko bajeti yake, na yule mama mkwe ningemtazama hata akisoma bili ya maji. Lakini walianza na wimbo wa Bongo Fleva bila mkataba. Content ID, mfumo wa YouTube wa kunasa kazi zenye hakimiliki, ukautambua, na mwenye wimbo akachagua kuchukua mapato ya matangazo, haki yake kabisa. Kuanzia sehemu ya tisa wakatengenezewa muziki wao. Nane za mwanzo, ambazo ndizo zinazotazamwa zaidi, zingeweza kurekebishwa kwa siku mbili kama maneno na muziki vingekuwa bado kwenye mistari tofauti ya uhariri. Faili za mradi zilifutwa kupisha sini za Kigamboni. Diski ilikuwa moja tu.