"Uzembe wa dereva", kwa mara nyingine

Basi limepinduka, kamanda amesimama mbele ya kamera: chanzo ni uzembe wa dereva, ambaye ametoroka na anasakwa. Faili likafungwa. Wiki ijayo tajiri ataajiri kijana mwingine, atamkabidhi funguo na ratiba, biashara iendelee.

Jamani, uzembe upi? Chukueni mteremko wa Kitonga, kule Iringa, njia ya Mbeya. Wakongwe wana sheria yao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Ukiutegemea mguu wa breki mteremko mzima, breki inapata moto, na ikishapata moto haishiki. Kijana aliyetoka kwenye Coaster mjini atayajulia wapi haya?

Niliwahi kukaa siti ya mbele safari ya Mbeya. Dereva, mtu mzima, akawa anamsimulia utingo wake siku breki zilipogoma palepale, akaponea kwa kulikwaruza basi ubavuni mwa mlima. Nikadakia: "Ofisini walisemaje, mzee?" Akacheka. "Niliwaambia nimekwepa ng'ombe. Ningesema kweli wangenikata mshahara."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Somo lote lile, na abiria wakiwa wazima, limeishia kwa utingo mmoja na mimi mdakuzi, kwa sababu dereva akisema amejichongea. Halafu mwenzake anashuka mlima uleule na kosa lilelile.

Kwenye ndege wameshaamua. Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinatamka kuwa lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Na rubani, hata awe na mvi, anarudishwa kwenye simyuleta, mashine ya kuigiza urukaji, kuzimiwa injini makusudi. Sisi wa barabarani tuna leseni ya Daraja C na maombi ya abiria.

Haya, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wamefunga VTS, kifaa cha kufuatilia mabasi, na madereva wanatahiniwa. Imesaidia, nakubali shingo upande. Ila kile kidude kinajua mwendo na basi lilipo, hakijui kuwa mtu anashuka na gia huru ili abane dizeli. Mikanda ya abiria tuiache, nitatukana.

Ninachotaka ni kidogo: kila Jumatatu madereva wa kampuni wakae gereji pamoja na fundi, kila mmoja aseme wapi aliponea chupuchupu, na asikatwe hata shilingi. Mgeni asipewe njia kabla hajaipita mara kadhaa ubavuni mwa mkongwe. Tajiri, kama chai ya kikao ni gharama, sema tu, abiria tutachanga.