Ukimlipa mtu aje afungwe kwako, usiseme umeshinda

Nilianza kufuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani mwaka 2006 kwa sababu ya mtu mmoja tu, Hasheem Thabeet. Kijana wetu wa Dar, mita 2.21, kaingia University of Connecticut kwa kocha Jim Calhoun, na sisi tuliokuwa tunacheza basketi mtaani hiyo ndo ilikuwa habari ya mjini. Kuangalia laivu hakukuwepo, ilikuwa unaenda intaneti kafe unalipia nusu saa, unafungua matokeo, unaandika kwenye karatasi, jioni unawapelekea wenzio kiwanjani. Na mwanzoni matokeo yalikuwa matamu kweli. Wameshinda. Wameshinda tena. Mechi 11 za kwanza UConn hawakupoteza hata moja, na mimi nilikuwa naapa mbele za watu kwamba hawa jamaa wanachukua ubingwa na Mtanzania yupo pale chini ya ringi.

Mwisho wa Desemba wakaenda West Virginia, wakafungwa. Kuanzia hapo ikawa vipigo juu ya vipigo, msimu ukaisha wameshinda 17 wamefungwa 14, kwenye mashindano ya Machi, yale ya kutafuta bingwa wa nchi nzima, hawakuitwa, hata NIT ambayo ndo ya waliokosa hawakuitwa. Niliumia sana na sikuelewa kabisa, timu imeshinda 11 mfululizo inawezaje kuwa mbovu ghafla? Haikuwa ghafla. Zile mechi 11 karibu zote zilikuwa za vibonde, tena wanakuja kufungwa hapohapo Connecticut. Timu iliyojaa watoto wa mwaka wa kwanza ilikaa nyumbani mwezi na nusu ikishinda bila kubanwa, kwa hiyo hakuna aliyejifunza mpira ukiwa mgumu unafanya nini, halafu mechi za Big East zikafika, hiyo ndo konferensi yao, yaani kundi la vyuo vinavyokutana kila msimu, na Big East ya miaka ile ilikuwa haina huruma. Tangu siku hiyo nina tabia moja, naangalia ratiba kwanza ndo naangalia matokeo.

Na ndo maana kila mwaka ukifika Novemba naandika maneno yaleyale kwenye magrupu mpaka watu wananichoka, leo nimeona niyaweke sehemu moja.

Kwa asiyejua inavyokwenda: timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inacheza mechi 30 hivi kabla ya mashindano ya mwisho. Kama 18 au 20 ni za konferensi yake, hizo unapangiwa. Zilizobaki, 11 mpaka 13, kocha na ofisi yake wanazitafuta wenyewe kwa kupiga simu, na humo ndo unaona tabia ya mtu. Kocha wa chuo kikubwa anaweza kutafuta wakubwa wenzake, au anaweza kupigia chuo kidogo chenye shida ya hela akawaambia njooni kwangu, nawalipa, mcheze mechi moja, na mimi kwenu siji. Mimi naziita mechi za kununua. Kentucky waliwalipa Evansville dola 90,000 kwa mechi ya Novemba 12, 2019, na hiyo ni bei ya kawaida tu kwenye biashara hii. Bahati mbaya kwao Evansville walikuja kucheza kweli, wakashinda 67-64 palepale Rupp Arena, Kentucky wakiwa namba moja wa nchi nzima. Na kocha wa Evansville alikuwa Walter McCarty, mtu aliyechukua ubingwa wa 1996 akiwa na jezi ya Kentucky hiyohiyo! Wiki mbili baadaye Stephen F. Austin wakaenda kwa Duke, nao wakati huo ndo namba moja, wakawafunga 85-83 kwenye muda wa nyongeza, Nathan Bain wa Bahamas kakimbia na mpira uwanja mzima kaweka sekunde ya mwisho. Duke walikuwa hawajapoteza nyumbani mechi 150 dhidi ya timu za nje ya konferensi yao. Mia na hamsini! Mimi nikiona namba kama hiyo swali linalonijia ni je, hao waliofungwa walialikwa waje kushindana au walilipwa waje kufungwa.

Watu wanazikumbuka mechi hizo mbili kwa sababu ni nadra. Kawaida mdogo anachapwa 30, anachukua hundi yake, anapanda ndege. Evansville wenyewe baada ya ile sherehe walimaliza msimu hawajashinda hata mechi moja ya konferensi yao, 0-18. Kwa hiyo mtu asije akaniambia mechi za kununua ni nzuri kwa sababu mara moja moja Daudi anampiga Goliathi.

Timu inayonigusa zaidi kwenye habari hii ni Texas Southern ya Houston, moja ya vile vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, inacheza konferensi ya SWAC. Msimu wa 2017-18 kocha Mike Davis aliwatembeza vijana wake nchi nzima kuanzia Novemba, mechi 13, zote ugenini, wakapoteza zote 13. Hebu fikiria wewe ni kijana wa miaka 19, una mitihani, miezi miwili hujacheza mbele ya mama yako hata siku moja, kila usiku unazomewa kwenye ukumbi wa watu wengine na asubuhi mko airport. Wanafanya hivyo kwa sababu ile hela ndo inaendesha idara nzima ya michezo. Na vijana walewale walipoingia kwenye konferensi yao walikuwa wameiva, wakachukua SWAC, wakaenda Dayton wakawafunga North Carolina Central 64-46 kwenye mashindano makubwa. Hakuna timu iliyowahi kuanza 0-13 ikashinda mechi ya mashindano hayo kabla yao.

Sasa linganisha hao na UConn ya 2006. Mmoja kashinda 11 kwa raha akaporomoka, mwingine kapigwa 13 akasimama. Ugumu unafundisha hata ukifungwa, na mimi hapo sibishani tena na mtu.

Mfano wangu mwingine ni Tom Izzo wa Michigan State, maana huyu ndo kocha ambaye mechi zake za Novemba na Desemba sizikosi. Huyu mzee anacheza na mtu yeyote, anafungwa, watu wanasema amekwisha, Machi inafika unamkuta yupo. Desemba 2008 walikutana na North Carolina Detroit pale Ford Field wakachapwa 98-63, pointi 35. Aprili 2009 nusu fainali ikachezwa palepale Ford Field, na aliyekuja mbele yao ni UConn ya Thabeet wetu, ambaye sasa alikuwa mwaka wa tatu, mlinzi bora, wameshinda 31, wametoka kwenye ile mechi ya muda wa nyongeza mara sita na Syracuse ambayo mpaka leo inanisisimua. Michigan State wakashinda 82-73. Niliumia tena jamani. Ila nilikubali, maana wale vijana walikuwa wameshapigwa kwenye ukumbi uleule na wakarudi bila woga. Na haki ya UConn nayo niiseme, msimu huo hawakujificha kama 2006, walisafiri mpaka Seattle Desemba wakawafunga Gonzaga kwenye muda wa nyongeza, ndo maana walifika mbali. Thabeet akachaguliwa wa pili NBA mwaka huohuo.

Na huyohuyo Izzo Desemba 2014 alifungwa nyumbani kwake na Texas Southern, 71-64, tena muda wa nyongeza. Aibu kubwa ile, watu walimsema wiki nzima. Aprili 2015 alikuwa kwenye nne bora.

Najua watetezi wa mechi rahisi watasema nini kwa sababu nimebishana nao miaka. Wanasema kocha anahitaji mechi za kuwapa dakika wachezaji wa akiba, kuwajaribu wadogo, kurekebisha mifumo. Nakubali, mechi mbili tatu hivi sina shida nazo, hata mimi ningekuwa kocha nisingempeleka mtoto wa mwaka wa kwanza Kansas kwenye mechi yake ya kwanza. Wanasema pia kocha akipoteza anafukuzwa. Hilo nalo kweli. Lakini kuna tofauti kati ya mechi mbili tatu na mechi nane tisa.

Halafu kuna suala la hesabu, na hapa ndo nina hasira zaidi. Kamati inayochagua timu kwenda mashindano ya Machi zamani ilitumia RPI, kuanzia msimu wa 2018-19 inatumia NET, zote ni hesabu za kupanga timu kwa ubora. Ushindi unagawanywa makundi manne. Kundi la kwanza ni kumfunga timu ya 1 mpaka 30 ukiwa nyumbani, 1 mpaka 50 uwanja huru, 1 mpaka 75 ukiwa ugenini. Wazo zuri, ugenini kunapewa uzito wake. Ila tangu 2020 NET inaangalia pia ufanisi bila kuweka kikomo cha tofauti ya pointi, yaani ukimpiga kibonde kwa 45 badala ya 25 namba zako zinapanda, hata kama wanasema uwezo wa mpinzani umeshapigiwa hesabu. Makocha si wajinga, wameliona hilo. Unaita vibonde, unawachapa bila kupunguza mwendo, unaingia kwenye konferensi kila mtu ana namba nzuri, halafu mnafungana wenyewe kwa wenyewe na kila mechi inahesabika kuwa ya kundi la kwanza. Konferensi ya Big 12 ilisemwa sana kwa hili msimu wa 2023-24. Kamati ilijitahidi kidogo, Iowa State waliwafunga Houston 69-41 kwenye fainali ya konferensi lakini kwenye kupanga timu za mashindano wakawekwa namba 2 badala ya 1, na ratiba yao dhaifu ya mwanzo ilitajwa. Sawa, lakini kushushwa kutoka 1 kwenda 2 ni adhabu ndogo sana ukilinganisha na wanachofanyiwa wadogo.

Maana mwaka huohuo 2024 Indiana State walishinda 28 wakafungwa 6, NET yao ilikuwa ndani ya 30 bora, wakafungwa na Drake fainali ya konferensi yao kwa pointi nne tu, na kamati ikawaacha nje. Sababu? Hawana ushindi mkubwa. Jamani, watautoa wapi? Walienda kwa Alabama, wakaenda kwa Michigan State, walifungwa ndiyo, lakini walienda. Nani alikuja kwao Terre Haute? Mkubwa haji, kwa sababu akishinda pale hapati sifa na akifungwa amejiharibia. Monmouth mwaka 2016 waliwafunga UCLA, Notre Dame, USC na Georgetown wote msimu mmoja, na bado wakaachwa kwa sababu walipoteza kwa timu ndogo za konferensi yao. Saint Mary's mwaka huohuo 27-5, wakaambiwa ratiba yenu rahisi. Ukicheza na wakubwa unakosa, usipocheza nao unakosa.

Ndo maana usiku ule wa mashindano ya Machi 2022 roho yangu ilikuwa pande mbili. Kentucky walikuwa na Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, mwenzetu kabisa wa Kiswahili, mchezaji bora wa nchi nzima mwaka ule. Alipata pointi 30 na rebaundi 16, huwezi kumdai zaidi ya hapo. Wakafungwa 85-79 na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho mwanzoni mwa msimu kilikuwa kinapigwa ugenini na St. John's na Providence. Nilimlilia Tshiebwe na nikawapigia makofi Saint Peter's, vyote kwa pamoja. Kwenye uwanja huru, bila hundi ya mtu, ndo unajua nani ni nani.

Ninachotaka kiliwahi kufanyika, sijakitunga. Pac-12, iliyokuwa konferensi ya vyuo vikubwa vya magharibi, na SWAC walikubaliana kwamba timu za Pac-12 nazo ziende kwenye kumbi za vyuo vya SWAC, ugeni urudishwe kama watu wazima wanavyorudishiana. Novemba 2022 Colorado wakaenda Grambling, Louisiana, wakafungwa 83-74. Washington State wakaenda Prairie View wakafungwa 70-59. Arizona State wakaenda Houston kwa Texas Southern, wale wale wa 0-13, wakafungwa 67-66 muda wa nyongeza. Siku chache tu, vigogo watatu! Timu zilezile ambazo miaka yote zilionekana vibonde kwa sababu hazijawahi kukutwa nyumbani kwao.

Na mtu anayesema mechi kama hizo zinaharibu msimu wa mkubwa aangalie Colorado walifanya nini. Walifungwa Grambling Ijumaa. Jumapili walikuwa Nashville na Tennessee, timu iliyokuwa kwenye 25 bora, wakashinda 78-66.

Kwa hiyo mimi ningeandika sheria mbili tu. Kila timu ya konferensi kubwa iende angalau mara mbili kwa msimu kwenye ukumbi wa timu ndogo. Na mechi ambayo umemlipa mtu aje kwako na hutamrudishia isiguse NET yako kabisa, wachezaji wacheze, tiketi ziuzwe, mdogo apate hela yake maana anaihitaji kweli, lakini kwenye meza ya kamati isiwepo. Zile 11 za 2006 zingefutwa, na Calhoun angelazimika kumpeleka Thabeet akaonje ugenini Novemba, mapema, akiwa bado na muda wa kujifunza.